Mkataba wa Tamarack Bend

9 Machi

Mchungaji alikuja tena jana, akanywa vikombe vitatu vya kahawa, akaniambia niandike kila siku walau mstari mmoja, ati huzuni ikiandikwa hupungua. Nikamwambia sawa, maana nilitaka aondoke. Leo nimeamka, nje theluji imefika usawa wa dirisha, simu haiiti, na hakuna mtu wa kusema naye. Basi naandika.

Duane alikufa Januari, asubuhi, akikwangua theluji mbele ya gereji. Moyo. Jirani ndiye aliyemwona. Mimi nilikuwa jikoni nikimsonya kwa sababu mayai yalikuwa yanapoa.

Kazi yetu ni kuokota mavi ya mbwa kwenye nyasi za watu. Nimechoka na wanaolizungukazunguka hilo neno, kwa hiyo nalisema. Duane alipita nyumba moja moja na pikapu yake, koleo, reki na ndoo, nami nikapokea simu na kupanga ratiba. Aliifanya miaka kumi na minne na sikuwahi kumwona akiionea haya. Sasa wateja wa nyumba moja moja wanahamia kwa kampuni kubwa yenye magari ya kijani, na mimi peke yangu siwezi kuuzunguka mji mzima. Njia iliyobaki ni kwenda kwenye vyama vya wamiliki wa nyumba, nipate mtaa mzima kwa mkataba mmoja. Duane alikuwa na wazo hilo tangu mwaka juzi, ila kusimama mbele za watu kulimshinda. Nisipopata chama hata kimoja kabla ya kiangazi, nauza pikapu na kila kitu chake kinaisha.

14 Machi

Nimesimama mbele ya kamati ya kwanza. Watu watano, meza ndefu, keki za ndizi, kahawa hafifu. Nikaeleza koleo letu, dawa tunayosafishia viatu tusihamishe magonjwa kutoka nyasi hizi kwenda zile, na mara ngapi tunapita kwa wiki. Walitabasamu mwanzo hadi mwisho. Kisha mwenyekiti akasema, "Hili wazo lako ni tofauti, Marlys. Ni tofauti kweli."

Hapa Minnesota mtu akikwambia kitu chako ni tofauti, ujue ameshakizika na udongo ameusawazisha. Nilishukuru, nikachukua kipande cha keki, nikalia kwenye gari.

15 Machi

Theluji tena.

21 Machi

Nimekwenda Tamarack Bend kumwona baba mkwe. Nyumba za pale zimeshikana ukuta kwa ukuta kuzunguka bwawa, na yake ni ya mwisho, ina mlango wa kioo nyuma unaotazama nyasi za wote. Einar ana miaka themanini na sita. Alifuga ng'ombe wa maziwa maisha yake yote, na mpaka leo anaamka kabla ya jua ingawa hana cha kukamua.

Otto alinipokea mlangoni, akaniegemea mapaja kwa uzito wake wote. Ni mbwa mkubwa wa rangi ya majani makavu, uso umeshaingia mvi. Duane ndiye aliyemleta kutoka kwenye makazi ya mbwa waliotelekezwa, wiki chache baada ya mama mkwe Solveig kufariki. Einar alisema hataki mbwa. Duane akamwacha mbwa sebuleni, akaondoka. Sijawahi kuwaona baba na mwana wakizungumza jambo zito kwa kirefu kuliko hapo.

Einar akanipa keki. Nikakataa. Akanisogezea tena, nikamwambia asijisumbue. Aliposogeza mara ya tatu nikachukua, kama inavyotakiwa.

"Unalala vizuri, Baba?"

"Siyo vibaya."

"Na kula je?"

"Otto anakula. Akila yeye, na mimi nakula." Akageuka dirishani, akakiambia kioo, si mimi, "Huyu asingekuwepo, sijui asubuhi ningeamkia nini."

Halafu akaona amesema mengi. "Barabara zilikuwaje?" akaniuliza.

Wakati naondoka, jirani yake Lorna Vig alitoa kichwa mlangoni. Lorna ni mjane, mcheshi, na kuta zao ni nyembamba. "Marlys, mwambie mkweo mbwa wake anakoroma kumshinda marehemu mume wangu, na yule alikuwa anatikisa vikombe kabatini."

"Mwambie mwenyewe."

"Nimwambie? Si atahama."

28 Machi

Jua limetoka siku tatu mfululizo. Paa zinadondosha maji, mifereji inaimba. Kila kilichodondoshwa tangu Novemba na kufunikwa na theluji kimeanza kujitokeza, tabaka baada ya tabaka. Kwa watu wengine haya ndiyo majira ya kufungua madirisha. Kwetu ndiyo msimu wa mauzo.

Nimepita Tamarack Bend na kupiga picha. Nyasi za nyuma zina mabaka, lakini pabaya kuliko pote ni njia ya bwawani, chini ya mierebi. Pale pamejaa.

2 Aprili

Kamati ya Tamarack Bend. Mwenyekiti wao ni Gretchen Pruitt, aliyewahi kuwa mwalimu mkuu, mwembamba, mgongo wima, anakutazama juu ya miwani mpaka unakumbuka makosa yako ya darasa la nne. Kwenye msiba wa Duane alileta bakuli la viazi na nyama ya kusaga, akaliacha kizingitini bila kubisha hodi. Nilidhani hana moyo wa kunitazama usoni.

Safari hii koleo sikulitaja. Niliweka picha mezani, nikauliza, "Nani kati yenu hasalimiani na jirani yake kwa ajili ya hii?"

Wakatazamana. Kisha wakaanza, mmoja baada ya mwingine, kwa upole kabisa, kila mmoja akisema hataki kumtaja mtu. Wa namba tano anamshuku wa namba saba. Wa namba saba ameweka kamera. Mjukuu wa Gretchen aliteleza kwenye mavi wakati watoto wanatafuta mayai ya Pasaka mwaka jana, akaumia mkono.

Nikawaonyesha picha ya mierebi. "Kuna mtu hapa hajainama tangu Januari," nikasema. Wakacheka. Nikajua nimewapata.

Ndipo Curtis Bly, mweka hazina, akauliza, "Na wewe ukisafisha, wao si wataendelea tu? Tutakuwa tunawalipia wazembe."

Sikuwa nimepanga kusema nililosema. Nilisikia mahali juu ya mitaa inayopima vinasaba: kila mbwa anachukuliwa mate, anaandikishwa, na mavi yakikutwa yanapelekwa maabara kumtafuta mwenyewe. Nikasema naweza kuifanya kazi hiyo pia. Macho yao yalivyong'aa. Gretchen akavua miwani kabisa.

"Lakini lazima iwe na meno," akasema. "Mara ya kwanza onyo. Mara ya pili faini. Mara ya tatu, mbwa anahama mtaani."

Wote wakaafiki. Nami nikaafiki. Nitafanya majaribio ya wiki chache, nisafishe na kuokota sampuli, na kamati itapiga kura Alhamisi ya mwisho ya Mei. Nimeendesha gari kurudi nyumbani nikizungumza na kiti cha pembeni. Nilimwambia Duane tumepata.

5 Aprili

Pasaka. Einar na Otto walikuja kula kwangu. Otto alinusa viatu vya Duane ambavyo bado viko mlangoni, akajilaza juu yake. Einar aliona. Akaomba viazi zaidi.

11 Aprili

Siku ya kuandikisha mbwa. Nilikaa kwenye ukumbi mdogo wa Tamarack Bend na vijiti vya pamba, na foleni ikatoka nje ya mlango. Mbwa wadogo wa kubebwa mikononi, mbwa wa kuwinda, mmoja kavaa koti. Wenye mbwa walikuwa na furaha kama watu wanaokwenda kushuhudia jirani akikamatwa.

Einar alikuja mwisho, amevaa koti lake la kanisani. Otto alipanua mdomo vizuri kuliko wote. Nikamfuta shavu kwa ndani, nikafunga kijiti ndani ya bahasha, nikaandika jina letu la ukoo.

"Na hii ndiyo itawaambia?" Einar akauliza.

"Ndiyo, Baba. Haikosei."

"Wamepiga hatua."

Alikuwa ameushika mnyororo kwa mikono yote miwili. Nikamuuliza, "Unahitaji msaada wowote na Otto?"

"A-a. Tuko sawa."

"Kweli?"

"Usijisumbue. Una shughuli."

Na kweli nilikuwa nazo. Saa ileile nilikuwa na miadi na kamati ya chama kingine ng'ambo ya mto. Nikambusu shavuni, nikabeba sanduku langu.

12 Aprili

Hao wa ng'ambo ya mto nao wameniona tofauti.

19 Aprili

Mvua siku nzima. Nimesafisha njia ya bwawani ndoo kwa ndoo. Mgongo unauma. Sasa najua kwa nini Duane alikuwa anakaa kwenye ngazi muda mrefu kabla ya kuvua viatu. Nilidhani ni uvivu.

22 Aprili

Nimeokota sampuli mpya tatu, zote chini ya mierebi. Nimeziweka kwenye vichupa, nimezituma. Gretchen alipita na fimbo yake ya mazoezi akasema, "Tunakaribia, Marlys." Nikajibu ndiyo. Nilijisikia askari.

3 Mei

Gretchen amepiga simu. Kwanza alizungumza juu ya hali ya hewa, kisha bei ya miche ya nyanya, nikajua kuna jambo.

"Majibu ya kwanza yamekuja," akasema. "Nimeona nikwambie wewe kabla ya wengine. Katika zile tatu, moja tu imesomeka. Ni Otto."

Nikasema haiwezekani. Nami nilishamwambia kila mtu kwamba kipimo hakikosei.

Nimekwenda kwa Einar jioni. Barua ya onyo ilikuwa mezani, imesimamishwa kwenye kikopo cha sukari. Hakuniruhusu nianze.

"Bahati mbaya tu," akasema. "Mfuko uliniishia siku hiyo. Nitaangalia."

"Nikuletee mifuko?"

"Ninayo."

Tukazungumza juu ya mvua. Nilipofika kwenye gari nilishaamini kwamba ni mfuko tu uliomwishia, kwa sababu nilitaka iwe hivyo.

9 Mei

Mierebi imetoa majani. Nimeokota sampuli mbili nyingine palepale. Hazinipi raha tena.

15 Mei

Majibu ya pili. Otto. Faini.

Sikwenda kwa Einar. Nilisimama njiani nikihesabu maneno ya kumwambia, na Lorna Vig akaniona. Hakutania leo. Alivua glavu zake za bustani, akasema, "Njoo ukae."

Tulikaa kwenye kibaraza chake. Akanimiminia kahawa nisiyoiomba.

"Mzee hawezi kuinama, Marlys. Tangu mwaka juzi, baada ya kuanguka bafuni. Soksi zenyewe anavaa kwa ndoano. Mimi namsikia ukutani, asubuhi, nusu saa nzima anahangaika na viatu."

"Mwaka juzi? Basi muda wote huo mavi ya Otto alikuwa anaokota nani?"

Akanitazama, akiona kwamba sijui. "Duane."

Nikaweka kikombe chini.

"Jumanne na Ijumaa, asubuhi mapema kabla hajaanza wateja wake. Pikapu anaiacha huko juu isisikike. Anapita nyuma ya bwawa, anaokota, anaondoka. Hapigi hodi. Na mzee anasimama kwenye kile kioo, taa kaizima, anamtazama mpaka amalize. Kila mara. Wala sijawasikia wakilisema hilo hata siku moja."

Nimerudi nyumbani na sikuwasha taa. Nimeishi na mwanamume yule miaka thelathini na moja. Jumanne na Ijumaa alikuwa akiniambia anawahi msongamano wa magari. Nilimwona mtu asiyejua kusema na baba yake. Kumbe alikuwa akimwambia mara mbili kwa wiki.

Na Einar tangu Januari anasimama kwenye kioo na hakuna anayekuja. Akaanza kumpeleka Otto kulekule mierebini alikokuwa akipita Duane, kwa sababu hakujua pengine pa kumpeleka. Anaacha pale, anarudi ndani. Kisha mimi nikaja na vichupa vyangu.

Kitu kimoja kinanila. Siku ile ya kuandikisha nilimuuliza mara mbili. Mara mbili si kuuliza. Mtoto wa hapa anayajua haya kabla hajajua kusoma: ya kwanza mtu anakataa kwa heshima, ya pili anakataa kwa ajili yako, ya tatu ndipo anajibu. Hata keki naikataa mara mbili. Yule mzee alisimama na mnyororo mikononi akingoja niulize mara ya tatu, nami nikambusu shavuni nikakimbilia mkutano.

19 Mei

Jumanne. Nimeacha pikapu kule juu, nimepita nyuma ya bwawa kabla ya jua. Nimeokota. Kioo cha mwisho kilikuwa cheusi, lakini niliona kikombe kinasogea. Sikupunga mkono. Nilitaka kugonga na kumwambia yote, nikaona haya, nikafikiri hii ndiyo njia yao na itatosha.

22 Mei

Ijumaa. Nimeokota. Otto anaburuta mguu wa nyuma.

Mchana Gretchen amepiga simu. Hakugusa nyanya. Sampuli niliyoituma tarehe tisa, ya pili, imejibu. Ni ya tatu sasa. Ilikuwa imeshaondoka mikononi mwangu kabla sijajua lolote. "Italetwa Alhamisi," akasema, "pamoja na mkataba wako. Sijui la kufanya, Marlys, kanuni tumeiandika wenyewe." Nikamjibu kwamba naelewa. Nilikata simu nikimchukia, yeye na mgongo wake wima, na kanuni niliyoiafiki mimi.

25 Mei

Siku ya makaburi. Nilimpeleka Einar na maua, Otto akakaa kiti cha nyuma. Einar alinipa maua ya Solveig niyaweke, kisha ya Duane. Alisimama akiwa amekunja kofia kifuani.

"Alhamisi ndiyo wanasaini mkataba wako?" akauliza.

"Ndiyo, Baba."

"Na la Otto siku hiyohiyo?"

"Siku hiyohiyo."

"Haitapendeza hiyo. Jina moja."

"Usijali. Nimeshapanga."

Nilikuwa nimepanga kweli. Otto angelala kwangu, mtaa wangu hauna chama, na kila asubuhi ningempitia Einar aje kunywa kahawa na mbwa wake. Nimeshanunua godoro la mbwa. Nilitaka kumweleza palepale, lakini binamu zake walifika na chupa ya kahawa, na habari za mahindi, na ukungu wa majani. Nikaona makaburini si mahali pake. Alhamisi asubuhi nitamwambia.

28 Mei

Nilifika saa tatu na godoro nyuma ya pikapu.

Einar alikuwa amekaa kwenye kiti chake, amevaa koti la kanisani. Mnyororo ulikuwa umekunjwa vizuri juu ya meza. Bakuli la maji lilikuwa limeoshwa, limepinduliwa kwenye sinki likauke.

Nikauliza Otto yuko wapi, ingawa nilishajua.

"Nimelimaliza hilo," akasema. "Lorna alinipeleka kwa daktari wa mifugo. Sindano moja, hakuumia. Alinilalia miguuni tu."

"Baba. Kwa nini hukuniambia?"

"Una shughuli."

"Nilikuja kumchukua. Nina godoro nje. Ningekupitia kila asubuhi, ungekunywa kahawa naye."

Akalifikiria hilo. Aliangalia nje kwenye pikapu, akaliona godoro, na nikamwona anakielewa kitu ambacho sasa hakikuwa na faida.

"Miguu yake ilikuwa imekwisha," akasema.

"Alikuwa na kiangazi kimoja bado."

"Labda." Kisha akasema, "Leo wakilisoma jina letu, waambie jambo limekwisha. Wasikunyime mkataba. Duane aliutaka sana, ila hakuwa mtu wa kusimama mbele za watu."

Nilimpigia kelele. Sijawahi kumpigia kelele. Nikamwambia mkataba uende kuzimu, nyasi ziende kuzimu, kwamba katika familia hii hakuna mtu anayefungua mdomo mpaka kitu kife, na mimi nimekuwa kama wao. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa amekunja mikono. Kisha akainuka, ikamchukua muda, akaniwekea kahawa.

Nje Lorna alikuwa amekaa kwenye gari lake, mlango wazi, analia na kitambaa cha jikoni. "Nilidhani unajua," akasema. "Alisema mmeshakubaliana. Ningejua ningesema gari limekufa, Mungu wangu, ningetoboa tairi mwenyewe."

Jioni nikaenda kwenye kamati. Sijui kwa nini nilikwenda. Labda kwa sababu alinituma.

Gretchen alipofika kwenye kipengele cha Otto nikasema hakihitaji tena kusomwa, mbwa amekufa leo asubuhi. Curtis Bly akaweka kalamu chini. Gretchen akavua miwani, akaifuta, haikuwa na vumbi.

"Tulishazungumza kwa simu, sisi watano," akasema. "Tulikuwa tumsamehe leo. Lorna alituambia kwamba hawezi kuinama. Tungeweka mtu wa kumwokotea, kanuni inaruhusu kwa wagonjwa. Tungepiga kura tu."

"Kwa nini hamkumwambia?"

"Hatukutaka kumwaibisha."

Mashine ya kahawa ilikuwa ikinguruma kwenye kona. Kisha wakapiga kura ya mkataba, mikono mitano juu, wakanisogezea karatasi. Nikatia sahihi. Gretchen alinisindikiza hadi kwenye gari, akasimama nami karibu nusu saa akiongea juu ya mbu na barabara mpya, hawezi kuondoka na hawezi kusema, na nikaona kwamba ameumia kuliko nilivyofikiri anaweza kuumia. Nilimdhania jiwe. Lile bakuli la viazi kizingitini, sasa nadhani alisimama mlangoni muda mrefu kabla ya kuliacha.

30 Mei

Sikutoka kitandani.

31 Mei

Vyama viwili vimepiga simu. Wamesikia Tamarack Bend watu wameanza kusalimiana. Wanataka kila kitu, na vipimo pia. Nimewaambia kuokota nitaokota, vipimo sifanyi. Mmoja akasema ni tofauti. Nikamwambia ndiyo, ni tofauti.

1 Juni

Siku ya kwanza ya mkataba. Nilianzia namba moja na koleo la Duane, nikazunguka bwawa. Watu walipunga mikono madirishani. Wa namba tano na wa namba saba walikuwa wamesimama pamoja wakitazama kamera ikishushwa. Chini ya mierebi hapakuwa na kitu.

Nikafika kwenye nyumba ya mwisho. Nyasi za pale zilikuwa ndefu kidogo, na hatua chache tu kutoka mlango wa kioo niliyaona. Siku zile za mwisho Otto hakuweza tena kufika bwawani. Yalikuwa yamekauka, yameanza kuwa meupe. Niliyaokota mengi sana msimu huu bila kufikiri, na haya nikayasimamia na koleo mkononi. Lakini nimetia sahihi, na kazi ni kazi. Nikainama.

Mlango wa kioo ukafunguka. Einar alikuwa amesimama na nguo za kulalia, nywele hazijachanwa, saa nne za asubuhi. Sijawahi kumwona hivyo.

"Hayo yaache, Marlys," akasema.

Katika miaka yote niliyomfahamu hakuwahi kuniomba kitu.

"Yaache kidogo," akasema tena. "Mvua itayachukua yenyewe."

Nikaweka koleo chini, nikaenda kusimama naye mlangoni. Tulikaa pale mpaka jua likazunguka upande wa pili wa nyumba.